Moto Ndani ya Mlima: Hesabu Iliyowalaza Watu Usingizi

Wengi wetu, ndugu wasomaji, tumetoka katika nchi ambazo barabara ikikutana na mlima huuzunguka au huupanda. Kupenya tumboni mwa mlima, au kupita chini ya mto huku meli zikielea juu ya vichwa vyetu, ni mambo tuliyokutana nayo huku ughaibuni. Ndiyo sababu swali moja halikosi kuulizwa tunapokaa barazani na wenzetu wanaoendesha malori na mabasi kwenda Bara la Ulaya: gari huwaka moto ndani ya handaki mara ngapi? Na muulizaji hutaka ajibiwe kwa namba, kwani sisi wahandisi tunajulikana kwa namba.

Namba ipo na tutaitaja. Lakini tunaona kwanza isimuliwe historia yake, maana ni namba iliyo sahihi, na juu ya usahihi wake imewalaza watu usingizi mahali walipotakiwa kukesha.

Kuhusu neno lenyewe, handaki asili yake ni khandaq ya Kiarabu, mtaro unaochimbwa kuizunguka ngome. Wenzetu wa Maskati na Dubai njia ya gari iliyotobolewa chini ya ardhi huiita nafaq, na kwa kweli ndilo neno sawa zaidi. Lakini Kiswahili kimeshazoea handaki, na sisi tutakwenda nalo.

Tuanzie New York. Haina maana kwamba hayakuwapo mahandaki kabla. London ilikuwa na Blackwall chini ya mto Thames tangu 1897, lakini lile lilijengwa zama za magari ya kukokotwa na farasi. Handaki kubwa la kwanza la chini ya maji lililosanifiwa kwa ajili ya magari ya petroli, likapewa na feni za kulisafisha hewa, ni lile la Holland, linalopita chini ya mto Hudson baina ya New York na Jersey City. Lilifunguliwa Novemba 1927. Jina lake halina uhusiano wowote na nchi ya Uholanzi. Ni jina la mhandisi wake mkuu, Clifford Holland, aliyefariki Oktoba 1924 akiwa na miaka 41, siku chache tu kabla ya wachimbaji wa pande mbili kukutana katikati. Aliyemrithi, Milton Freeman, naye akafariki miezi michache baadaye. Kazi ikamaliziwa na Ole Singstad, mzaliwa wa Norway, na kwake yeye mahandaki yote ya barabara duniani yana deni.

Mabwana hawa waliogopa nini? Hawakuogopa moto hasa. Waliogopa moshi wa injini, yaani kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua kimyakimya kama jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuna aliyejua mtu anaweza kuivuta kiasi gani bila kudhurika. Basi watu wa kujitolea wakafungiwa katika vyumba pale Chuo Kikuu cha Yale, wakavutishwa hewa hiyo kwa vipimo, na daktari akawapima. Kutokana na majaribio hayo Singstad akaweka feni 84 katika majengo manne, zenye uwezo wa kubadilisha hewa yote ya handaki kila baada ya sekunde 90. Hewa safi huingilia chini, usawa wa barabara. Hewa chafu hufyonzwa juu, kwenye dari. Lile lilikuwa jibu la swali la sumu ya injini, na jibu zuri.

Tarehe 13 Mei 1949 swali likabadilika. Lori lililobeba mapipa ya kaboni disulfaidi, kimiminika kinachoshika moto upesi kuliko petroli, liliingia handakini bila ya ruhusa. Pipa likaanguka, likapasuka, na malori yaliyokuwa nyuma yakaanza kuwaka moja baada ya jingine. Malori 10 yaliteketea, sehemu ya dari ikaporomoka, watu 66 wakadhuriwa na moshi. Hakufa mtu pale pale, ingawa afisa mmoja wa zimamoto aliyevuta moshi ule alifariki baadaye. Siri ya kunusurika kwao ilikuwa zile feni. Chombo kilichowekwa kwa ajili ya adui mmoja kikawazuia watu wasimalizwe na mwingine, kwa sababu moshi wa moto hupanda juu, na juu ndiko ulikokuwa mdomo wa kufyonzea.

Baada ya hapo wenye mahandaki wakakaza zaidi orodha ya mizigo ya hatari. Petroli, gesi, baruti na kemikali zikawekewa masharti au zikapigwa marufuku getini. Ni hatua ya maana na mpaka leo ipo. Dereva yeyote wa lori la mafuta aliyewahi kufika Dartford anajua anavyosimamishwa na kusindikizwa. California walifanya vivyo hivyo baada ya usiku wa 7 Aprili 1982, lori la mafuta lilipogongwa ndani ya handaki la Caldecott karibu na Oakland na watu saba wakafa. Tangu wakati huo mizigo ya namna hiyo ikapewa saa chache tu za usiku wa manane. Lakini nyuma ya orodha hizo kuna dhana iliyofichika: kwamba kisichomo katika orodha si hatari. Dhana hiyo iliishi miaka 50 bila ya mtu kuisumbua.

Sasa namba. Jumuiya ya kimataifa ya barabara, PIARC, iliyoanzishwa 1909, ilikusanya taarifa kutoka nchi mbalimbali, na Wafaransa ndio waliohesabu kwa makini zaidi. Kipimo kinachotumika ni mioto kwa kila kilomita milioni 100 zinazokwendwa na magari. Msomaji asitishwe na kipimo hiki: magari milioni 100 yakipita kilomita moja kila moja, au gari milioni 10 zikipita kilomita 10, hesabu ni ile ile. Kwa kipimo hicho, katika mahandaki ya Ufaransa magari madogo yaliwaka mara moja au mbili. Malori yaliwaka mara 8 hivi. Katika hayo manane, moja tu huwa na moto wa kuharibu handaki lenyewe, na moto mkubwa kabisa, ule wa kutisha, hutokea kati ya mara 0.1 na 0.3.

Tuifanyie kazi. Chukueni handaki la kilomita moja mjini, magari 40,000 kwa siku, na katika kila magari 100 malori ni 15. Kwa mwaka zinakwendwa kilomita milioni 14.6, na kati yake za malori ni kama milioni 2.2. Ukipiga hesabu utaona gari la aina yoyote litawaka humo mara moja kila baada ya miaka mitatu hivi, na mara nyingi ni moto unaozimwa na dereva kwa mtungi wake. Lori la kuharibu handaki litawaka mara moja katika miaka 45. Na ule moto wa kutisha utakuja mara moja katika miaka 200 na ushei.

Meneja gani wa handaki asiyeweza kulala kwa hesabu hiyo? Miaka 200! Yeye atastaafu baada ya 30. Lakini nchi yenye mahandaki 200 ya namna hiyo ingoje moto wa kutisha karibu kila mwaka, na kila unapotokea, utatokea mahali ambapo wafanyakazi wa zamu hawajawahi kuuona. Uchache wa moto katika handaki moja ndio unaofanya watu wa handaki hilo wasiwe tayari. Nadra ya jambo na ubutu wa mikono vinakwenda pamoja, na jedwali la PIARC halionyeshi hicho cha pili.

Hebu tuipeleke hesabu hiyo hiyo chini ya Mont Blanc.

Handaki la Mont Blanc, baina ya Chamonix ya Ufaransa na Courmayeur ya Italia, lina urefu wa kilomita 11.6. Lilipofunguliwa Julai 1965 lilikuwa fahari ya dunia. Ni tundu moja tu, magari yakipishana uso kwa uso, njia moja kila upande. Katika miaka ya mwanzo malori yaliyopita kwa mwaka yalihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yalikuwa zaidi ya 700,000. Zidisha kwa urefu, upate kilomita zaidi ya milioni 8 za malori kwa mwaka. Kwa kipimo cha Wafaransa wenyewe, hapo ni malori mawili kuwaka kila miaka mitatu, na moja zito kila miaka 12 hivi. Kwa hakika malori yalishawaka humo zaidi ya mara kumi kabla ya 1999, na karibu yote yakazimwa bila ya balaa. Kila moto uliozimwa ulihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mambo ni salama. Sisi tunausoma kinyume chake: kila mmoja ulikuwa bao moja katika mchezo ambao mwisho wake ulikwisha pangwa na idadi ya malori.

Jumatano ya 24 Machi 1999, saa tano kasoro dakika saba asubuhi, lori la Kibelgiji lililoingia kutoka upande wa Ufaransa lilisimama katikati ya handaki likifuka moshi. Mzigo wake ulikuwa tani 12 za unga na tani 9 za majarini, ile ambayo majumbani kwetu huitwa Blue Band hata ikiwa ya chapa nyingine. Chakula cha watoto. Katika orodha ya mizigo ya hatari haimo. Lakini majarini ni mafuta, na mafuta yaliyoyeyuka yakatiririka barabarani huku yakiwaka, ndani ya sanduku la jokofu lililojengwa kwa povu la plastiki ambalo nalo ni kuni tupu.

Siku ile upepo ulivuma kutoka Italia kuelekea Ufaransa. Waliokuja kutoka Italia waliona moshi ukiwakimbia, wakageuza na kutoka. Waliokuwa nyuma ya lori, upande wa Ufaransa, moshi uliwajia. Na katika handaki moshi haufanyi kama nje. Hupanda mpaka darini, hutambaa, hupoa, kisha hushuka chini kama pazia. Ndani ya muda wa robo saa hivi hapakuwa na mtu hai katika foleni ile. Watu 39 walikufa, na wengi wao walikutwa ndani ya magari yao au karibu nayo. Walikuwa wamesimamisha gari, wakafunga vioo, wakangoja. Moto wenyewe uliwaka kwa saa 53, joto likafika nyuzi 1,000.

Makosa ya kiufundi yalielezwa kwa kirefu na tume za nchi mbili, na mwaka 2005 mahakama ya Bonneville ikawatia hatiani watu na mashirika. Sisi tutataja mawili. La kwanza, handaki moja lilikuwa na wenyewe wawili, kampuni ya Kifaransa na ya Kiitalia, kila moja na chumba chake cha uongozi, zamu yake na feni zake. Wakati wa moto, upande wa Italia feni ziliendelea kuingiza hewa mahali ambapo zingeweza kugeuzwa zifyonze moshi. Hewa ile ikaulisha moto na kuusukuma moshi juu ya watu. Singstad alikuwa ameonyesha 1949 kwamba kufyonza juu huokoa. Miaka 50 baadaye, penye mitambo, hapakuwa na mtu mmoja wa kuamua. La pili ni vyumba vya kukimbilia. Handaki lilikuwa navyo, vimejengwa ubavuni mwa mlima na kupelekewa hewa safi, milango yake ikihimili moto kwa saa mbili. Pierlucio Tinazzi, mlinzi wa Kiitalia aliyekuwa na pikipiki, aliingia motoni, akamkuta dereva mmoja wa lori akiwa amezidiwa, akamkokota mpaka katika chumba kimoja na kukaa naye badala ya kumwacha. Chumba kilikuwa na mlango mmoja tu, ule unaotokea barabarani. Saa mbili kwa saa 53. Walikufa wote wawili.

Aliyebuni chumba kile hakuwa mjinga. Huenda alitazama mioto iliyopita humo, akaona saa mbili zinatosha, akaandika saa mbili.

Miezi miwili tu baadaye, 29 Mei 1999, ikawa zamu ya Tauern nchini Austria. Lori liliiparamia foleni ya magari yaliyosimama ndani, na miongoni mwa waliokuwa katika foleni lilikuwamo lori la rangi. Watu 12 wakafa, wanane kati yao kwa ajali yenyewe kabla ya moto. Kisha 24 Oktoba 2001, St Gotthard huko Uswisi, malori mawili yakagongana uso kwa uso, moja likiwa na shehena ya matairi. Watu 11 wakafa. Fréjus, 2005, wawili. Viamala, tena Uswisi, 2006, tisa. Kwa nchi za milima ya Alps ilikuwa kana kwamba mlima umefungua kinywa.

Hapo ndipo wataalamu waliporudi kuuliza swali lililostahili kuulizwa mapema. Hawakuuliza mara ngapi. Waliuliza kiasi gani. Sisi tuliosoma uhandisi nje katika miaka ya 1990 tulikuta vitabu vikisema lori linalowaka hutoa megawati 20 hadi 30 za joto, na mifumo ya feni ikapimwa kwa kipimo hicho. Septemba 2003, katika handaki la Runehamar lililoachwa huko magharibi ya Norway, watafiti wakapanga mizigo ya kawaida kwa ukubwa wa semitrela moja: vibao vya mbao na plastiki, magodoro, samani, vikombe vya plastiki ndani ya makasha. Hakuna hata kimoja kilichomo katika orodha ya hatari. Wakakitia moto kila kimoja kwa zamu yake. Uliotoka chini kabisa ulifika megawati 66, na uliotoka juu kabisa 202, kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,300. Wasomaji waliotoka Tanzania wanaujua mtambo wa Kidatu, ambao ukizungusha mashine zake zote hutoa megawati 204. Basi semitrela moja ya vibao na plastiki, kwa dakika chache, ni Kidatu nzima ndani ya bomba.

Wanorway nao wana somo lao la pekee juu ya hesabu, kwa sababu nchi yao ina mahandaki ya barabara zaidi ya 1,000, likiwamo la Lærdal lenye kilomita 24.5, refu kuliko yote duniani tangu lilipofunguliwa 2000. Walihesabu mioto yao ya 2008 hadi 2011 wakapata wastani wa kama 21 kwa mwaka. Idadi ndogo. Lakini walipouliza iko wapi, waligundua kuwa mahandaki yenye miteremko mikali, mengi yake yakipita chini ya bahari, yaliyo kama 4 tu katika kila 100, ndiyo yaliyobeba zaidi ya theluthi moja ya mioto yote. Handaki la chini ya bahari hushuka kwa kasi kisha hupanda kwa kasi. Lori likishuka, breki huchemka. Likipanda, injini huchemka.

Hili halihitaji kufafanuliwa kwa mtu aliyewahi kushuka Kitonga usiku nyuma ya semitrela yenye shaba ya Zambia, akanusa ile harufu ya breki zilizoungua na kuona magurudumu yakifuka. Utingo wa zamani alijua kwamba lori husimamishwa kabla ya mteremko, breki ziguswe, gia nzito iingizwe juu kabisa ya kilima. Kuna madereva wa Ulaya wenye leseni za kila rangi wasiolijua hilo, kwa sababu wamezaliwa katika nchi za tambarare na kituo chao cha kwanza cha mteremko mkali ni chini ya bahari ya Norway. Sababu nyingi za moto ndizo hizo hizo ndogo: breki, waya za umeme, injini iliyopata joto, turbo. Ajali za kugongana ni chache katika orodha ya vyanzo, ila zikitokea huua zaidi, maana moto unaanza mkubwa na watu wamekwama.

Yapo na ambayo jedwali la Ulaya haliyagusi. Handaki la Salang huko Afghanistan, lililojengwa na Warusi katika milima ya Hindu Kush na kufunguliwa 1964, lilipatwa na maafa Novemba 1982, msafara wa jeshi la Kisovieti ukiwa ndani. Taarifa za Kisovieti zilitaja watu 176, wanajeshi na raia. Nyingine hutaja wengi zaidi. Wapo wanaosema lori la mafuta liliripuka. Wasovieti walisema msongamano ulitokea, madereva wakaacha injini zikinguruma kwa ajili ya baridi, na moshi ukawamaliza. Ikiwa hivyo ndivyo, ni ile kaboni monoksaidi ya Yale, katika handaki ambalo halikuwa na feni za kutosha. Desemba 2022 lori la mafuta likawaka tena humo humo, wakafa watu 31 au zaidi. China nayo, 1 Machi 2014, katika handaki la Yanhou mkoani Shanxi, malori mawili ya methanoli yaligongana na watu 40 wakapoteza maisha.

Na maji je? Mtu wa kawaida huuliza hili kwanza, na ana haki. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya waliyakataa mabomba ya kunyunyiza, wakihofu mvuke utawaunguza watu na kuushusha moshi uliokuwa umetulia darini. Japani hawakukubaliana nao, ingawa Nihonzaka mwaka 1979 maji hayakufua dafu: watu saba walikufa na magari 173 yakateketea. Lakini 23 Machi 2007 malori na magari madogo yaligongana katika handaki la Burnley huko Melbourne, Australia. Watu watatu walikufa. Maji yalifunguliwa dakika chache tu baada ya mgongano, moto ukabaki pale pale ulipoanza, na mamia ya watu wakatoka kwa miguu. Baada ya siku chache magari yalikuwa yanapita. Mont Blanc ilifungwa miaka mitatu. Tangu Burnley mabishano juu ya maji yamepungua sana.

Siku hizi swali limehamia magari ya umeme. Majaribio yaliyofanywa Austria katika handaki halisi yalionyesha kuwa gari dogo la umeme likiwaka joto lake halizidi sana la gari la dizeli, ila hutoa gesi kali zaidi za sumu na hudai maji mengi kabla ya kuzimika. Malori ya umeme ni habari nyingine na bado ni machache kuweza kuhesabiwa. Tunawaomba wasomaji wasikubali jedwali lolote juu yake kwa sasa, hata likiwa na saini ya profesa.

Sheria nazo zilibadilika. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake Aprili 2004 kwa mahandaki yanayozidi mita 500 katika barabara zake kuu. Kipengele kimoja ndani yake ni kama kaburi la Tinazzi: chumba cha kukimbilia kisichokuwa na njia ya kutokea nje hakiruhusiwi kujengwa. Mont Blanc ilipofunguliwa tena 2002 vyumba vyake viliunganishwa na njia ya chini ya barabara, uongozi ukawa mmoja, na magari yakaamriwa yaachane mita 150. Gotthard, tangu 2013, malori ya upande wa kaskazini hupita kwanza katika geti la kupima joto. Lenye breki au injini iliyochemka huwekwa pembeni lipoe.

Lakini tofauti baina ya Gotthard na Mont Blanc ilikuwapo kabla ya agizo lolote. Wasanifu wa Gotthard, lililofunguliwa 1980, walichimba pembeni yake handaki jembamba la pili la watu kukimbilia, na milango kila mita 250. Ni wazo lile lile lililowaokoa abiria na wafanyakazi 34 wa treni ya malori iliyowaka chini ya bahari baina ya Uingereza na Ufaransa Novemba 1996: walivuka mlango mmoja wakawa katika hewa safi. Siku ya moto wa 2001 wengi walivuka milango ile ya Gotthard. Dereva wa moja ya malori yaliyogongana aliruka akakimbia kwa miguu akiwapigia kelele wenzake wageuze au watoke. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo waliobaki garini, na mlango wa kijani haukuwa mbali nao.

Kwa hiyo anayetaka kufanya jambo akiwa ndani, na afanye haya. Akiona moshi mbele asikaribie. Asimame mbali, pembeni, azime injini, aache ufunguo ndani ili gari liweze kusogezwa. Asigeuze lori. Asingoje kuona wenzake watafanya nini, maana wenzake nao wanamtazama yeye. Simu iliyo ukutani ni bora kuliko ya mkononi, kwa sababu ya ukutani humwambia mwenye zamu uko wapi. Alama ya mtu anayekimbia ina namba mbili, mita za kulia na mita za kushoto. Ashike ndogo, ila kama moshi uko huko, ashike kubwa, na mizigo aiache.

Februari 2016 Waswisi waliulizwa kwa kura kama wanataka tundu la pili la Gotthard, na 57 katika kila 100 wakasema ndiyo. Kazi inaendelea, na linatarajiwa kufunguliwa karibu na mwaka 2030. Matundu yakiwa mawili, sheria imeweka kwamba kila moja litatumia njia moja tu ya magari, upande mmoja, na ile ya pembeni ibaki tupu kwa ajili ya gari lililoharibika na gari la zimamoto. Hakuna tena lori la kukutana na lori uso kwa uso humo.